Iache Hiyo Ndoo

"Iache hiyo ndoo," Bi Mishi alifoka kutoka kitandani. "Utaimwaga, halafu nani atakwenda tena kisimani? Kaa chini."

Sabrina, mke wa mwanawe, akaiacha ndoo mlangoni na kukaa mkekani, kilemba kimemfunika mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekonda hata vidole.

Frida alikuwa ametoka chuoni, Dodoma mjini, kufanya utafiti: wagonjwa wa saratani na wanaowauguza wanaishije majumbani. Hapa kijijini Haneti alielekezwa nyumba hii moja, na shikamoo yake haikujibiwa.

"Uliza uondoke," Bi Mishi alimwambia. "Sina siku nzima."

Kusema kweli, mama huyo alikuwa na mdomo. Macho makali, sauti ya kufukuzia ndege kwenye mtama, na miguu iliyochomoza chini ya blanketi ilikuwa na udongo hadi kwenye vifundo. Frida alijikaza. Akawaahidi wote wawili kwamba watakayosema hayatatoka nje ya chumba hicho, kisha akawasha simu irekodi.

"Dawa ya saratani ikishaingia mwilini, mama, unajisikiaje?"

Bi Mishi alimtupia mkwewe jicho kabla ya kujibu. "Mdomo unatoka vidonda. Chai inanuka chuma. Usiku mifupa inauma, unatamani mtu akukande, na akikugusa unalia."

"Na anayekuuguza ni mkweo?"

"Huyu?" Bi Mishi alisonya. "Huyu hata ugali hawezi kusonga. Jikoni kwangu nimemkataza. Na mwanangu Hashimu hana subira na mwanamke legelege. Mke wa kwanza alipatwa na pumu, mwaka haukuisha, akarudishwa kwao. Namwambia huyu kila siku, ajiangalie."

Sabrina aliinamisha kichwa. Frida akamgeukia yeye. "Na wewe dada, katika kuuguza, kinachokuumiza zaidi ni nini?"

Sabrina alifungua mdomo, machozi yakatangulia.

"Basi. Nenda kalale," Bi Mishi alisema. "Sura yako inaniudhi. Na wewe msomi, kusanya vitu vyako."

Frida alitoka kwa hasira. Nje ya ua alimkuta Brightness, jirani, ambaye ni wazi alikuwa akimsubiri.

"Umejionea? Binti wa watu alikuja hapa amenawiri. Bibi kaugua, hasira zote anamalizia kwake. Juzi juzi kamnyoa kichwa kizima, eti chawa. Wakienda kliniki Dodoma, na bibi hakubali kwenda na mwingine, binti anarudi hoi, anatapika mpaka tunamsikia huku. Sijui njiani anafanyiwa nini. Kijiji kizima tumeacha kumsalimia yule bibi."

"Mume wake anajua?"

"Atajulia wapi? Yuko Mtumba kwenye ujenzi. Anatuma nauli ya matibabu ya mama yake, basi. Namba yake ninayo, ila mimi sithubutu."

Sabrina lazima aliwasikia dirishani, maana alitoka akijishikiza ukutani, akamkamata Frida mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Dada yangu, nakuomba, usimpigie Hashimu. Nikitoka kwenye nyumba hii nimekwisha."

"Anakupiga?"

"Mama? Hapana, dada, wewe hujui..."

"Sabrina!" sauti ilimfuata kutoka ndani. "Rudi huku. Nani kakutuma juani?"

Akarudi. Frida alishasoma habari za wanawake wa namna hii, wanaomtetea hata anayewaua. Ahadi aliyotoa chumbani ilimkereketa kidogo, lakini ahadi ni nini mbele ya uhai wa mtu? Alichukua namba kwa Brightness, akasogea barabarani, akapiga.

Hashimu alisikiliza bila kumkatiza. Frida akamwaga yote: mkewe amekonda, ndoo ya maji haiwezi, amenyolewa, kila akitoka kliniki anatapika.

"Nywele," Hashimu aliuliza. "Zimeisha zote?"

"Zote, kaka."

"Na kliniki lazima aende yeye?"

"Kila safari. Mama yako hakubali mwingine."

Upande wa pili zege lilisikika likichanganywa.

"Nimeelewa," alisema mwishowe. "Mwambie afungashe. Kesho nakuja kumrudisha kwao."

Frida alishusha pumzi. Kwao, kwa mama yake mzazi, ambako angalau atalala na kula kama binadamu. Miaka miwili ya kuandika maumivu ya watu, na leo kwa mara ya kwanza alikuwa ameyapunguza. Alirudi karibu kukimbia, akampita Brightness bila neno, akasukuma mlango bila hodi.

Kitandani alikuwa amelala Sabrina. Kilemba kilikuwa kimedondoka, na kichwa kinang'aa, hakina hata kivuli cha unywele. Bi Mishi alikuwa amepiga magoti sakafuni, beseni mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akimkanda mgongo taratibu, akimwita mwanangu, mwanangu.

"Funga huo mlango," alisema bila kugeuka. "Mgonjwa wangu anaingiwa na upepo."