Mmea Uliolishwa Nyama

Uvundo ndio uliomfikisha Kidawa dirishani, kwenye mmea wake unaokula nzi. Vinywa vya mmea vilikuwa vyeusi, vinatoka ute. Alikibanua kimoja kwa kijiti. Kikadondosha kipande cha nyama ya mchuzi, kimejaa funza.

"Niliuhurumia," mama mkwe alisema nyuma yake. "Unaunywesha maji ya mvua, nao unashinda na nzi tu. Watu watasema kwangu kuna njaa."

"Haukuumbiwa nyama, mama. Inauozea ndani."

"Kila kitu huzoeshwa. Wewe mwenyewe ulikuja hapa huli utumbo. Haya, fumbua mdomo."

Tonge la wali na utumbo lilikuwa linamjia, linachuruzika mafuta. Kidawa alibana meno, akageuzia uso dirishani. Nzi aliingia kwenye kinywa cheusi, akatembeatembea, akatoka zake.

Tonge likamgusa midomo.