Njuga Zimekwenda Wapi

"Usiniambie faili ni zima, faili ni zima," mjomba akafoka. "Njuga ziko wapi?"

"Zimo humo humo, mjomba."

"Fungua kinywa useme, usinung'unike."

"Nimesema zimo."

"Zimo wapi? Mfukoni mwako?"

Studio yenyewe ni chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai mpaka juu. Humo matusi hayana mwangwi, yanakupata moja kwa moja. Na yote yalikuwa yanampata Waya. Jina hilo alipewa na mjomba wake huyo huyo, enzi wanapendana, kwa sababu hakuna waya alioukuta umekatika akaupita. Siku hizi aliitwa "wewe".

Chanzo ni apdeti. Wiki iliyopita Waya aliapdeti kiini cha kompyuta ya studio, ile injini ya ndani kabisa inayoendesha vyote vingine. Siku hiyo hiyo akafunga na kidude kipya cha kutunza umeme. Kesho yake mafaili kadhaa yakagoma kufunguka. Yaligoma kweli, hakatai. Akayarudisha kutoka kwenye diski ya akiba, akaomba radhi, yakaisha.

Yaliisha kwake. Mjomba, mtu aliyerekodi waimbaji tangu Waya hajazaliwa, yule ambaye watu walisema anamsikia mbu akimeza mate, akaanza kukataa kila kitu. Kila wimbo umeoza. Kila faili limeliwa na apdeti. Leo zamu ilikuwa ya kwaya, na kwaya yenyewe inakuja kuchukua kazi yake jioni.

"Njuga hakuna. Maneno yamekuwa uji. Watu wazima wanaimba kama vibogoyo," mjomba akasema. "Nawapa nini? Nawapa uso wako?"

Waya alikuwa anazisikia hizo njuga. Zinalia pale mbele ya ngoma, angelala angezisikia. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: mzee anatafuta sababu ya kumfukuza. Kuna mkwe wake, yule wa viatu vya kung'aa, ameshaanza kupitapita hapa akisifia studio. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mjomba amekosa sababu, anasingizia apdeti.

"Nionyeshe leo palipooza," mjomba akasema, "au weka ufunguo mezani urudi kwa mama yako. Nimekusema mpaka nimechoka. Sikio la kufa halisikii dawa."

Waya akauma meno. Akazima kompyuta, akaiwasha kwa kiini cha zamani, kile cha kabla ya apdeti. Akacheza wimbo wa kwaya. Mjomba akasukuma sauti mpaka mwisho. Trei za mayai zikatetemeka. Fundi cherehani wa chumba cha pili akagonga ukuta, akagonga tena. Mjomba hata hakushtuka. Alishaacha kujali watu.

"Bado imeoza," akasema.

"Mjomba, hiki ni kiini cha zamani. Kama kosa ni la apdeti, basi—"

"Bado imeoza."

Hapo umeme ukakatika. Taa ikazimika, feni ikajikokota ikasimama, na kidude kikaishika kompyuta isizimike, kikaanza kulia chini ya meza: ti, ti, ti. Fundi cherehani akachungulia mlangoni, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Jamani, mkitoka kwenye magoma mnakuja na hicho kifaranga chenu. Kinanitoboa kichwa mpaka kule kwangu."

Mjomba alikuwa amewapa mgongo, anakunja nyaya. Hakugeuka.

"Mjomba, jirani analalamika," Waya akasema.

Mjomba akaendelea kukunja nyaya zake. Yule mama fundi akamtazama Waya, akabetua midomo, akaenda zake.

Haya. Dharau mpaka kwa majirani. Waya akaona leo anamnasa mzee kweupe. Akatoa laptopu yake mwenyewe, ambayo haijaguswa na apdeti yoyote. Akachomeka diski ya akiba, akafungua nakala ya wimbo ule ule, iliyohifadhiwa siku walipomaliza kurekodi. Akailinganisha na ile ya studio chembe kwa chembe. Hakuna hata moja iliyotofautiana. Akampiga mjomba begani, akampa hedifoni.

"Sikiliza hii."

Mjomba akafumba macho, kama alivyokuwa akifanya zamani wakati wa kuchagua sauti. Akasikiliza mpaka mwisho. Akazivua taratibu.

"Hii ndiyo imeoza kabisa," akasema.

Waya nusura acheke. Mzee kaingia mtegoni kwa miguu yake. Maneno yalikuwa yameshapanga foleni ulimini: hii haijawahi hata kuiona hiyo apdeti yako, mjomba, haya sema sasa, mwongo nani. Akafungua kinywa.

"Na si faili tu," mjomba akamkatiza. Akainama, akakigonga kile kidude kwa kidole. "Hata hiki ulichonifungia siku ile ile ni kibovu. Si uliniambia umeme ukikatika kitalia? Mbona leo umeme hakuna na kimenyamaza?"

Ti, ti, ti, kidude kikasema, chini ya kidole chake.

Waya akakitazama kidude. Akautazama uso wa mjomba, umekunjamana, unasubiri jibu. Akafunga laptopu.

"Ni kweli, mjomba," akasema, kwa sauti kubwa kuliko aliyowahi kutumia mbele yake. "Nimeharibu mimi."

Akaweka ufunguo mezani, akatoka, akafunga mlango. Mpaka kule uani bado alikuwa anakisikia kidude: ti, ti, ti.