Kikohozi cha Injini

Ngwali, mwenyekiti wa wavuvi, ndiye aliyeitisha mkutano wa kuwalaani wanaovua kwa baruti. Afisa wa uvuvi akaleta sauti zilizonaswa na kinasa sauti kilichotegwa chini ya maji, kwenye miamba ya matumbawe. Wavuvi wakapokezana visikilizio. Kila aliyesikiliza aliinamisha macho, akampa mwenziwe.

Mwisho vikamfikia Ngwali. Akasikia kamba na samaki wakitatarika kama mafuta kikaangoni. Kisha mshindo, na mtatariko ukakatika. Kisha injini yake mwenyewe ikakohoa mara tatu ndipo ikawaka, kikohozi kilekile kilichouamsha mji kila alfajiri.

“Umeitambua, mwenyekiti?” afisa akauliza.

“Injini zote hukohoa, bibi,” shemeji yake Ngwali akadakia.

Ngwali hakuvivua visikilizio. Masikioni mwake, injini ilikwisha kwenda zake. Yeye akabaki akingoja bahari itatarike tena.