Mita ya Bei Rahisi

Mwantumu, fundi wa redio, alikifungua kifurushi kama aliyeambiwa ndani mna nyoka. Vipuri alivyoagiza mtandaoni vilikuwemo vyote, ila ile mita mpya ya kupimia umeme ilikuwa nyepesi mno.

"Rahisi ni ghali," alimwambia mumewe, Hoza. "Hawa wa mtandaoni wanauza picha tu."

Akaijaribu kwenye chaja aliyoinunua ng'ambo ya barabara, kwa Shebughe. Mita yake kuukuu ilikuwa imesema chaja hiyo inatoa volti saba, itaunguza simu za watu. Kwa hilo alimwita Shebughe tapeli mbele ya wateja wake, na tangu hapo hawasalimiani.

Mita mpya ikasema tano, kama ilivyoandikwa kwenye chaja.

"Si unaona? Inadanganya!"

"Hiyo kuukuu uliibadilisha betri lini?" Hoza aliuliza.

Mwantumu aliichomoa betri ya mita mpya, akaitia kwenye ile kuukuu, akapima tena.

Tano.

Ng'ambo, Shebughe alikuwa akipanga bidhaa zake, amewapa mgongo. Mwantumu akasimama mlangoni, chaja mkononi, akisubiri ageuke.