Kumsuka Tusekile

Tangu Januari nilikuwa nikimsuka binti yangu Tusekile nimesimama. Siku hizi mwanafunzi haruhusiwi kuvua mkanda wa kunyoosha mgongo mpaka shule zifungwe Desemba, na mkanda wenyewe ukihisi amepinda kidogo tu, hata kuinamisha kichwa asukwe kisogoni, unambana mbavu. Basi yeye anakaa wima kwenye stuli, mimi ndiye najipinda huku na huku kukitafuta kisogo. Mimi kiuno sina tena.

Jana wamefunga shule. Nilimvua mkanda palepale mlangoni, hata viatu hajavua, nikautupa kwenye kochi. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweka chini katikati ya magoti yangu kama zamani.

"Inamisha kichwa, mwanangu."

Hakuinamisha. Nikamsukuma taratibu kwa kiganja. Shingo ngumu kama mpini wa jembe.

"Mkanda haupo, Tuse. Hakuna cha kukubana."

"Najua, mama."

Nilisubiri, chanuo mkononi. Akabaki vilevile, anatazama ukuta. Mwisho nikanyanyuka, nikashika kiuno, nikaanza kumsuka nimesimama.

Tulipofika mstari wa tatu akainuka. Akauchukua mkanda kwenye kochi, akanizungushia mimi, akaanza kufunga vifungo kimoja kimoja.

"Vumilia, mama," akaniambia kwa upole. "Unauma wiki ya kwanza tu. Baadaye unasahau kuinama."