Taa za Bi Khatoon

“Hapo hapo! Usishuke zaidi,” Mzee Abdeali alisema, akamshika Mapenzi mkono uliokuwa kwenye rimoti.

Droni ikatulia hewani juu ya mtaa wa Kuze, Mombasa. Taa za Maulidi zilikuwa zimetandazwa kutoka dirisha hadi dirisha, kijani na nyekundu na manjano, hata vichochoro vyenyewe havikuonekana. Katikati ya kioo cha rimoti, juu ya paa la nyumba ya ghorofa mbili, alisimama mtu mdogo kama punje ya mchele, kanzu nyeupe, kofia ya ukingo wa dhahabu. Alikuwa akipunga mkono.

“Umemwona, mamake Mzamil?” Abdeali aliiuliza simu yake, aliyokuwa ameielekeza kwenye kioo. “Yule, haachi kupunga.”

“Nimemwona,” ilijibu sauti nyembamba ya mkewe kutoka hospitalini India. “Mashallah. Mwaka huu mtaa umependeza.”

Huo ulikuwa usiku wa tatu. Mapenzi, mtu wa Rabai aliyezoea kupiga picha za harusi, alikuwa ameajiriwa na mzee huyo muuza rangi na misumari kwa kazi moja tu: baada ya sala ya isha arushe droni, aizungushe mtaani, kisha aishie kwenye paa lile. Bi Khatoon alikuwa na miezi miwili India pamoja na binti yake Umaima. Moyo wake ulikuwa umepasuliwa mara moja, na bado haukukaa sawa. Daktari alionya kwamba asipewe habari ya kumshtua. Na tangu aolewe, miaka arobaini nyuma, hakuwahi kuzikosa taa za mfungo sita, mwezi wa Maulidi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kilichomkera Mapenzi ni yule kijana wa juu ya paa.

Kila usiku Bi Khatoon aliomba jambo lile lile: “Mwambieni aniite tu, nisikie sauti yake.” Na kila usiku mzee alikuwa na udhuru wake. Mara Mzamil ana mafua, sauti imemkauka. Mara simu ya Mzamil imeingia maji. Leo ilikuwa upepo, eti huko juu hakusikiki kitu.

Usiku wa pili, walipokuwa wakikunja vifaa, Mapenzi alishindwa kunyamaza.

“Mzee, niwie radhi. Kwani wamegombana?”

“Hawakugombana hata siku moja.”

“Basi mbona hashuki akasema na mamake?”

“Mwache, mtoto wa watu. Anafanya anachoweza.”

Mapenzi alikwenda zake na hasira kifuani. Mama yake yeye alifia Rabai siku aliyokuwa kwenye harusi ya watu huko Malindi. Alipoiwasha simu, alikuta wamempigia mara nne. Angetoa chochote amwone tena, japo kwa kitambo cha kuitikia salamu. Na huyu anaye mama hai, anayemlilia, naye kasimama juu ya paa anapunga kama mgeni rasmi!

Sasa, usiku huu wa tatu, Bi Khatoon alivuta pumzi kwa shida.

“Baba Mzamil, leo sitakaa sana. Alfajiri wananirudisha chumba cha upasuaji.”

“Inshallah kheri,” mzee alisema.

Mapenzi aliyasikia maneno hayo, akajua kwamba kama si sasa, huenda isiwe tena. Akasukuma kidole gumba mbele. Droni ikaanza kushuka.

“Unafanya nini?” mzee alinong’ona.

“Mama amwone mwanawe.”

“Mapenzi, nakuomba. Nakuomba, mwanangu, irudishe!”

Hakuirudisha. Punje ya mchele ikawa mtu, mtu akawa na mabega, akawa na ndevu changa. Kijana aliiona droni ikimjia, akashusha mkono. Alitaka kugeuka, lakini alikuwa amechelewa. Uso wake ulijaa kwenye kioo, na machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni.

Hasira yote ikamwisha Mapenzi. Kumbe alikuwa analia! Kumbe naye mama anamuuma! Akamgeukia mzee, akitarajia kuiona furaha usoni mwake.

Abdeali alikuwa amejibwaga kwenye baraza la duka lililofungwa, simu ameifunika kwa kiganja.

Kisha Bi Khatoon akasema, taratibu, kutoka chini ya kile kiganja:

“Baba Mzamil, toa mkono.”

Akautoa.

“Mwambie Shoaib wa nyumba ya pili ateremke, baridi isimwingie. Mwambie namshukuru. Kanzu ya mwanangu imemkaa vizuri.”

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili.

“Umaima aliniambia siku ile ile mliyomzika Mzamil,” Bi Khatoon alisema. “Nilinyamaza, nikawa naiomba sauti yake ili usinishuku, kwa ajili yako, mume wangu. Kila ulipomtaja kama yu hai, niliona heri angalau mmoja wetu awe bado anaye.”