Subana Iliyosinyaa

Fundi cherehani alikunja mikono ya shati ili muuguzi aone magamba ya soriasisi kwenye viwiko. Muuguzi akatazama vidole.

"Asubuhi vinakakamaa, baba?"

"Dada, mimi nimeleta ngozi. Vidole nimekuja navyo kwa kukosa pa kuviacha."

Muuguzi alicheka, lakini akaandika. Akauliza kisigino, akauliza kucha. Fundi akaduwaa: kaja kutafuta mafuta ya kupaka, anapimwa kama suti!

"Ugonjwa huu wa ngozi wakati mwingine huingia kwenye viungo. Tukiuwahi, utaendelea kushona." Akamshika kidole cha kati, kinene toka shina hadi ncha. "Subana ya kukingia sindano unavaa hapa?"

"Nimeihamishia kidole cha mwisho. Imesinyaa."

"Chuma?"

Fundi akakitazama kidole. Miaka ishirini subana ile ile, kidole kile kile, na mkono uliosomesha wanawe watatu.

Akaviweka vidole vya kati sambamba, cha kulia na cha kushoto, kama anavyolinganisha miguu ya suruali kabla ya kuipinda.

Havikulingana.